Ndege ya Mabomu B-36 Iliyoanguka Zoezini, Februari 1950: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapoigusia habari hii, swali la kwanza huwa lilelile: bomu liko wapi? Nimelijibu huko chini, na kwa kirefu. Ila sitaanzia hapo. Watu watano walipotea usiku ule, na katika simulizi nyingi za ajali hii wao hutajwa mwishoni, kwa mstari mmoja, baada ya bomu, baada ya injini, baada ya mlima. Nimeona wao watangulie.

Ni ajali gani hasa?

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 1950, ndege ya mabomu ya Jeshi la Anga la Marekani aina ya Convair B-36B, namba 44-92075, ilizimiwa injini tatu kati ya sita ikiwa juu ya pwani ya British Columbia, magharibi mwa Kanada. Ndani yake walikuwamo watu 17. Ilipodhihirika kwamba haiwezi tena kushika kimo, waliamriwa kuruka kwa miavuli, usiku wa manane, katikati ya majira ya baridi, juu ya visiwa vya misitu na bahari ya baridi kali. Kumi na wawili waliokolewa. Watano hawakurudi.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka minne na nusu nyuma, na ya Korea ilikuwa bado miezi minne ianze. Hakuna aliyewarushia risasi. Lilikuwa zoezi.

Waliopotea ni akina nani?

Kapteni William Phillips, aliyekuwa akiongoza njia. Luteni Holiel Ascol, mlengaji wa mabomu. Kapteni Theodore Schreier, rubani na mtaalamu aliyekabidhiwa bomu lenyewe. Sajini Elbert Pollard na Sajini Neal Straley, askari wa mizinga ya ndege.

Waliokoka waliamini kwamba wenzao wengi kati ya hawa walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuruka, na kwamba upepo na bahati mbaya viliwaangusha majini. Ndege kubwa ikienda kwa kasi, sekunde chache kati ya mtu na mtu ni mamia ya mita ardhini. Aliyechelewa kidogo akaangukia miti ya kisiwa; aliyetangulia akaangukia bahari. Katika maji ya Pasifiki ya kaskazini mwezi Februari, mtu aliyevaa mabuti na nguo nzito za baridi hana muda mrefu.

Zoezi lenyewe lilikuwa la nini?

La kujifanya wanakwenda kuupiga mji kwa bomu la atomiki.

Ndege iliondoka kambi ya Eielson, karibu na Fairbanks huko Alaska, tarehe 13 Februari. Njia yake ilikuwa kushuka na pwani ya Pasifiki, kuingia ndani ya Marekani, kisha kuufanyia mji wa San Francisco shambulio la kuigiza, halafu kurudi nyumbani kambi ya Carswell, Fort Worth, Texas. Safari nzima, bila kutua, ingechukua karibu siku nzima. San Francisco ulisimama badala ya mji wa Urusi.

Ili kuelewa kwa nini mazoezi haya yalikuwa makali namna ile, kumbuka hali ya wakati. Agosti 29, 1949 Warusi walilipua bomu lao la kwanza la atomiki. Januari 31, 1950, wiki mbili tu kabla ya safari hii, Rais Truman alitangaza kwamba Marekani itaendelea na kazi ya kutengeneza bomu la haidrojeni. Na kamandi iliyokuwa na jukumu la mabomu hayo, chini ya Jenerali Curtis LeMay tangu Oktoba 1948, ilikuwa imeaibika. Mwanzoni mwa 1949 LeMay aliamuru ndege zake zote zifanye shambulio la kuigiza juu ya mji wa Dayton, Ohio, usiku na kutoka juu sana. Hakuna hata ndege moja iliyotimiza kazi kama ilivyopangwa. Tangu hapo akashikilia neno moja: mazoezi yafanane na vita. Ndege zilezile, umbali uleule, uzito uleule, baridi ileile.

Ninamwelewa. Jeshi lisilofanya zoezi la kweli linajidanganya lenyewe. Lakini zoezi likifanana sana na vita, nalo huua. Watano hawa ni sehemu ya bei hiyo, na haki yao ni kwamba bei itajwe waziwazi.

Kwa nini Alaska, tena katikati ya baridi?

Kwa sababu Alaska ndiyo inayotazamana na Siberia. Vita vingeanza, ndege zingepitia kaskazini, na vita havichagui majira. Siku ile joto lilikuwa karibu nyuzi 40 chini ya sifuri huko Eielson. Katika baridi ya namna hiyo oili huganda, mipira hukakamaa na kupasuka, na fundi hawezi kuvua glavu kwa muda wa maana. Hitilafu ndogondogo zilionekana kabla ya kuruka, zikahesabiwa kuwa za kawaida.

B-36 ilikuwa ndege ya namna gani?

Jitu. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa mita 70, mapana kuliko ya Boeing 747 tunazozijua. Injini sita za Pratt & Whitney, kila moja ina silinda 28 na plagi 56, maana yake plagi 336 kwa ndege moja. Fundi aliyepewa kazi ya kubadilisha plagi za B-36 alijua siku yake imekwisha. Askari waliokaa mbele na waliokaa nyuma walitenganishwa na matumbo ya mabomu, kwa hiyo aliyetaka kwenda upande wa pili alilala chali juu ya kitoroli na kujivuta kwa kamba ndani ya bomba refu la zaidi ya mita 25.

Iliundwa ivuke bahari, iangushe bomu na irudi bila kutua popote. Na katika muundo huo huo ndimo ulimofichika ugonjwa ulioiangusha.

Injini huwakaje moto wakati nje ni barafu tupu?

Hili ndilo swali linalowatatiza wengi, nami napenda kulijibu polepole, kwa sababu ukilielewa hili umeielewa ajali yote.

Unapokwenda kuchomwa sindano, nesi hupaka spiriti kwenye ngozi. Unasikia ubaridi hata kama chumba kina joto. Kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto la kilicho karibu nacho. Petroli hufanya vivyo hivyo ndani ya kabureta: inapochanganyika na hewa na kugeuka mvuke, hupoza kila kitu pale. Hewa ikiwa na unyevu, unyevu ule huganda. Barafu hujijenga kwenye koo la kabureta kidogo kidogo, kama kutu ndani ya bomba, hadi hewa inapita kwa taabu.

Hewa ikipungua na petroli ikabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito. Injini inakosa pumzi, inapoteza nguvu, na petroli isiyoungua yote ndani ya silinda inatoka kwenye mabomba ya moshi, ambako kuna moto wa kutosha kuiwasha. Kwa hiyo barafu ndiyo iliyozaa moto.

Ndege nyingi za wakati ule zilikuwa na kinga ya asili. Rafadha, yaani propela, zikiwa mbele, kabureta hukaa nyuma ya injini na kupata joto lake. B-36 ilikuwa kinyume: injini zilitazama nyuma, rafadha zikasukuma badala ya kuvuta. Kabureta zikajikuta zimekaa mbele, kwenye upepo wa baridi, silinda za moto zikiwa nyuma yake. Joto lote likaenda nyuma. Pale ambapo hewa ilikuwa kavu haikuleta shida kubwa. Juu ya pwani ya British Columbia, ambako hewa ya Pasifiki imejaa maji na ndege ilikuwa ikipita kwenye mawingu ya barafu, ilileta.

Karibu saa saba baada ya kuondoka, injini moja ilianza kutoa miali. Ikazimwa. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Tatu zilizobaki zikagoma kutoa nguvu kamili. Mabawa nayo yalikuwa yamebeba barafu. Ndege ikaanza kushuka.

Ni kweli ilibeba bomu la atomiki?

Ndiyo na hapana, na tofauti hiyo ina uzito.

Ilibeba bomu aina ya Mark 4, mtoto wa bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945, lililoboreshwa ili liweze kutengenezwa kwa wingi. Lilikuwa na uzito wa karibu tani tano. Ndani yake kulikuwa na zaidi ya tani mbili za baruti kali ya kawaida, na urani nyingi. Kilichokosekana ni kiini cha plutoniamu. Katika mabomu ya wakati ule kiini kilikuwa kitu cha pekee, kikibebwa kando na kuingizwa ndani ya bomu ndege ikiwa angani, na viini vya kweli vilikuwa mikononi mwa Tume ya Nishati ya Atomiki, chombo cha kiraia. Jeshi lilikopeshwa mabomu kwa mazoezi, viini vikabaki kwa wenyewe. Ndege hii ilikuwa na kiini cha mfano, cha madini ya risasi, ili Schreier ajizoeze kazi ya kukiingiza.

Basi lingeweza kulipuka kama la Nagasaki?

Hapana. Bila plutoniamu, mlipuko wa nyuklia haupo. Ule wa baruti upo, na ulitokea.

Kwa nini walilitupa?

Rubani mkuu, Kapteni Harold Barry, alikuwa anapoteza kimo juu ya nchi ya watu wengine, akiwa na silaha ya siri kuliko zote za taifa lake. Bomu likianguka nchi kavu likiwa zima, umbo lake tu lingemfundisha adui mengi. Likianguka karibu na watu, tani mbili za baruti si mchezo. Akaigeuza ndege kuelekea baharini. Kitufe cha kuangusha kikabonyezwa, milango ya tumbo haikufunguka. Kikabonyezwa tena, ikafunguka. Walikuwa kwenye kimo cha karibu mita 2,400. Bomu likalipuka kabla ya kufika majini, na askari wakaona mwanga mkubwa chini yao na kusikia mshindo.

Kwa hiyo jibu la swali la bomu liko wapi ni hili: kwa maelezo ya jeshi, lilisambaratika angani, na vipande vyake, pamoja na urani iliyokuwamo, viko chini ya bahari kwenye njia za maji za pwani ya British Columbia. Hii ndiyo mara ya kwanza inayojulikana ambapo Marekani ilipoteza silaha ya nyuklia. Ajali za aina hiyo wanajeshi wao huziita kwa jina la siri, "mshale uliovunjika". Umma wakati ule uliambiwa habari za ndege iliyopotea na askari wanaotafutwa. La bomu halikusemwa kwa miaka mingi.

Urani ya mabomu hayo ilitoka wapi?

Hapa msomaji wa Kiswahili anafika nyumbani. Katika miaka ile ya mwanzo, sehemu kubwa ya urani ya Marekani ilitoka kwenye mgodi mmoja: Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Mawe yake yalikuwa tajiri kupita yote yaliyokuwa yakijulikana duniani. Mengine yalikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya urani, wakati migodi kwingine ilishukuru ikipata chini ya moja. Mwaka 1942 Wamarekani walinunua kwa mkupuo shehena ya zaidi ya tani elfu moja iliyokuwa imekwishahifadhiwa New York na kampuni ya Union Minière, kisha mgodi ukafunguliwa tena na kazi ikaenda usiku na mchana.

Waliochimba na kuchambua mawe yale kwa mikono walikuwa watu wa Katanga na wa jirani, katika miji ya migodi ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wafanyakazi wa makabila mbalimbali. Hawakuambiwa mawe yanakwenda kufanya nini. Kila ninaposoma sentensi kama "bomu lilikuwa na urani nyingi", huwafikiria wao kwanza, mikono mitupu ndani ya vumbi lile.

Waliruka wakiwa wapi, na waliachaje ndege?

Walirudi juu ya nchi kavu, juu ya kisiwa cha Princess Royal, karibu saa sita usiku. Barry aliuwasha mtambo wa kujiendesha na kuielekeza ndege baharini, kusini-magharibi, ili isiangukie watu. Kisha wakatoka, waliokaa nyuma kwa mlango wao na waliokaa mbele kwa wao.

Fikiria hali yao. Giza totoro. Theluji. Chini hujui kama ni mti, jabali au maji. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuruka kwa mwavuli maishani. Mmoja wao, mwendesha redio, alinasa juu ya mti mguu ukiwa juu na kichwa chini, akakaa vile saa nyingi hadi alipofikiwa.

Waliokoka walipatikanaje?

Utafutaji ulianza mara moja, ukapewa jina la Operesheni Brix, ndege zaidi ya 40 za Kanada na Marekani zikishiriki. Lakini waliowaona kwanza hawakuwa wanajeshi. Ilikuwa mashua ya uvuvi, Cape Perry, iliyokuwa ikipita kwenye maji yale na kuona dalili za watu ufukoni. Ikawapandisha wengi wao. Wengine walifuatwa msituni na vikundi vya nchi kavu, na manowari ya Kanada Cayuga ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyosaidia.

Wavuvi kuwatangulia wanajeshi halinishangazi. Mtu wa pwani yoyote, iwe Kilwa au Lamu, anajua kwamba baharini anayekuona kwanza ni yule ambaye bahari ndiyo shamba lake.

Ndege ilianguka baharini kama ilivyoelekezwa?

Kila mtu aliamini hivyo kwa miaka mitatu na nusu.

Mwaka 1953 Jeshi la Anga la Kanada lilikuwa likitafuta ndege ndogo iliyompoteza tajiri mmoja wa mafuta kutoka Marekani. Marubani wakaona mabaki makubwa mno ubavuni mwa Mlima Kologet, bara, katika nchi ya barafu mashariki ya mji mdogo wa Stewart. Hayakuwa ya tajiri. Yalikuwa ya B-36 namba 44-92075. Badala ya kwenda kusini-magharibi baharini, ilikuwa imekwenda zaidi ya kilomita 300 kaskazini, peke yake, juu ya milima.

Wamarekani walituma kikosi Septemba ileile. Kikahangaika siku 19 bila kufika. Jaribio jingine nalo likashindwa. Agosti 1954 kikosi kidogo kilifika, kikachukua vitu vya siri kilivyovitaka, kisha kikatega baruti na kuvilipua vilivyobaki juu ya theluji. Mwaka 1956 wapimaji wawili wa ardhi waliyakuta mabaki kwa bahati na kuandika mahali penyewe kwenye ramani, na ni kumbukumbu hizo zilizowaongoza wachunguzi walipokwenda tena mwaka 1997.

Kwa hiyo kuna mtu alibaki ndani akiiendesha?

Hii ndiyo hadithi inayopendwa kuliko zote, na jina linalotajwa ni la Schreier. Wanasema: ndege iliyokuwa inashuka haiwezi kupanda milima bila mkono wa mtu, Schreier alikuwa rubani, bomu lilikuwa dhamana yake, basi alibaki akijaribu kuirudisha Alaska.

Sikubaliani nayo, na nitasema kwa nini. Ndege ilikuwa imepungukiwa na mzigo wa tani tano za bomu, pamoja na watu 17 na vifaa vyao, na ilikuwa ikizidi kuwa nyepesi kila dakika kadiri petroli ilivyotumika. Injini zilizoganda barafu huweza kupata nafuu hewa ikibadilika. Mtambo wa kujiendesha wa miaka ile, ukiwa na injini zisizolingana pande mbili na mabawa yenye barafu, unaweza kuipinda ndege taratibu hadi ikashika njia nyingine kabisa. Hakuna ushahidi wowote uliowahi kuthibitisha kwamba mtu alikuwa kwenye usukani.

Naelewa kwa nini watu wanaitaka hadithi hiyo. Mtu aliyekufa akipambana na usukani ni rahisi kumlilia kuliko mtu aliyetua majini gizani bila mtu kumwona. Lakini Phillips, Ascol, Pollard na Straley hawakuachiwa hadithi ya kishujaa, na kifo chao si kidogo kwa hilo.

Kuna mionzi pale mlimani?

Wachunguzi wa mazingira waliopelekwa na serikali ya Kanada mwaka 1997 walipima na hawakukuta mionzi isiyo ya kawaida. Ni sawa na inavyotarajiwa, kwa kuwa bomu halikuwamo tena ndege ilipoanguka. Mwaka 1998 eneo hilo likawekwa chini ya ulinzi wa serikali. Si mahali pa kwenda kuokota kumbukumbu.

Nilisikia bomu limepatikana mwaka 2016. Ni kweli?

Mzamiaji mmoja, karibu na visiwa vya Haida Gwaii, aliona kitu kikubwa cha ajabu chini ya maji, akaeleza, na habari ikazunguka dunia nzima. Jeshi la Majini la Kanada likaenda kukitazama. Kilikuwa kipande cha mtambo wa zamani wa viwandani, hakihusiani na bomu lolote.

Kapteni Barry alipatwa na nini baadaye?

Aliokoka usiku ule akarudi kazini. Tarehe 27 Aprili 1951, akiwa ndani ya B-36 nyingine katika mafunzo juu ya Oklahoma, ndege yao iligongana na ndege ndogo ya kivita aina ya F-51 iliyokuwa ikijizoeza kuishambulia. Alikufa pale, miezi 14 baada ya kuruka juu ya kisiwa cha Princess Royal.

Ajali kama hizi zilikuwa nyingi kiasi hicho?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tazama mwaka 1950 peke yake, na ndege zenye silaha za nyuklia peke yake. Aprili, B-29 iligonga mlima karibu na kambi huko New Mexico muda mfupi baada ya kuruka, watu 13 wakafa. Julai, B-50 iliyokuwa kwenye mafunzo ilianguka karibu na Lebanon, Ohio, ikaua wote 16. Agosti, B-29 ilianguka California, ikaungua na kulipuka; waliokufa 19, kati yao Jenerali Robert Travis, ambaye kambi ile sasa inaitwa kwa jina lake. Novemba, B-50 nyingine yenye hitilafu ya injini ikatupa bomu juu ya mto St. Lawrence huko Quebec. Mwaka 1981 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa orodha ya ajali 32 za silaha za nyuklia kati ya 1950 na 1980. Ya kwanza kwenye orodha ni hii ya Barry.

Wala si Marekani tu. Uingereza ilipoteza ndege 890 za kivita za aina ya Meteor katika utumishi wa jeshi lake la anga, 145 kati ya hizo mwaka 1953 pekee, na marubani wapatao 450 wakafa. Sababu mojawapo ni zoezi lenyewe: kijana alifundishwa kutua kwa injini moja kwa kuzimiwa ya pili makusudi, na Meteor ikipungua kasi katika hali hiyo ilikuwa ikipinduka. Hatari waliyokuwa wakimzoeza kuikwepa ikawa inamfuata darasani.

Kwa nini baadhi ya maelezo huitaja ndege nyingine ya abiria iliyopotea wiki hizohizo?

Januari 26, 1950, ndege ya usafiri ya jeshi la Marekani aina ya C-54 iliondoka Anchorage, Alaska, kwenda Great Falls, Montana, ikiwa na watu 44. Wengi walikuwa wanajeshi. Kulikuwa pia na mama mjamzito na mtoto wake wa kiume ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Ilitoa taarifa ya mwisho ikiwa juu ya Yukon, kisha kimya. Utafutaji mkubwa ukaanza katika theluji, hata baadhi ya ndege za watafutaji zenyewe zikaanguka.

Zilipokaribia kutimia wiki tatu bila dalili, ikaja habari ya B-36. Ndege za utafutaji zikahamishiwa pwani, kwa sababu kule kulikuwa na watu 17 ambao huenda bado wako hai, na, jambo ambalo familia zilizokuwa zikisubiri hazikuambiwa, kwa sababu kulikuwa na bomu. Siku chache baadaye utafutaji wa C-54 ukasimamishwa rasmi.

Mabaki ya B-36 yalipatikana bila kutafutwa. Ya ile C-54, na watu wake 44, hayajapatikana hadi leo.